Mlinda Mpaka Akilala

Kila siku baada ya swala ya alasiri, Haidari alikunja mswala wake, akasogeza rundo la suruali za jinzi pembeni mwa meza, akahesabu punje arobaini za maharage ya soya njano: ishirini zake, ishirini za Ernesta. Ernesta aliondoa mguu kwenye pedali ya cherehani, akatoa kadi zake kwenye kopo la biskuti, na mchezo ukaanza. Mteja aliyefika saa hizo alijichagulia mwenyewe, akajipima mwenyewe, na kama ana haraka alirudi kesho.

Kibanda chao kilikuwa cha tatu kwenye safu ya mitumba, soko la Kasulu. Babu yake Haidari alikuja na nguo kutoka Pangani, akauza zikaisha, na ukoo haukuona sababu ya kurudi. Ernesta alikuwa fundi wa kupunguza na kubadili zipu. Tangu walipoanza kufanya kazi pamoja walikubaliana kuhusu vitu vinavyokutwa mifukoni belo likifunguliwa: sarafu za kigeni ni za Haidari, karatasi ni za Ernesta. Haidari alidhani amemzidi ujanja. Miaka kumi na moja iliyopita, kwenye koti la shule la mtoto wa Ulaya, Ernesta alikuta kadi yenye picha ya chura aliyevaa taji. Akaipenda papo hapo. Baada ya chura alikuja nyoka wa maji, akaja mchawi mwenye ndevu za kijani, na sasa zilikuwa kadi mia moja arobaini na tatu, kila moja ndani ya plastiki iliyokatwa kutoka kwenye mfuko wa kadi ya kliniki na kufungwa kwa ncha ya pasi.

Maandishi yalikuwa ya Kiingereza. Yalitafsiriwa na Mwalimu Careen, mtu wa Rombo aliyepangiwa kufundisha sekondari hapo mjini, ambaye siku moja alileta sketi ipunguzwe akakaa hadi jioni. Mwalimu alieleza kwamba kadi hizo zilichapwa mwaka 1994, kwamba ni za mchezo wa falme za kubuni, na kwamba huko zilikotoka watu wazima huzifungia kwenye visanduku vya vioo wasiziguse tena. Ernesta aliona hayo ni mateso kwa chura. Mwalimu aliandika tafsiri kwa mwandiko wake wa ubaoni, karatasi moja kwa kila kadi, na Ernesta akazipachika nyuma ya picha.

Kanuni hazikuwa ngumu. Kadi iliyosimama iko macho. Ukitaka ifanye kazi, unaigeuza ubavu, na huko wao walikuita kuilaza. Punje za maharage ni uhai wa mchezaji; zikiisha, umeshindwa. Kanuni ya mwisho ilikuwa ya Haidari: maneno ya kadi lazima yasomwe kwa sauti, kwa sababu yeye ni mfanyabiashara na haamini kitu kinachosomwa kimoyomoyo.

Kilichosomwa kilitokea. Haidari alipolaza kadi ya Ukungu, ukungu ulitanda kwenye safu nzima ya mitumba kwa nusu saa, na wauzaji wenzake wakamwomba kistaarabu awe anaicheza Jumapili, maana wateja walikuwa wanabeba rangi wasizozitaka. Chura Mfalme alipolazwa, watu wote sokoni walisimama kwa heshima kiasi cha dakika moja, kisha wakaendelea kubishana bei. Hayo yalizoeleka. Jambo pekee lililohitaji uangalifu lilikuwa ulimi wa Ernesta.

Ulimi huo ulikuwa wa Nyakitonto. Kiha alikinyonya kwa mama yake, Kiswahili alikikuta shuleni, na herufi l na r kwake zilikuwa kama ndugu wawili wenye shati moja, wanaolivaa kwa zamu. Kulikuwa na kadi ya Baraza la Wafalme ambayo Mwalimu aliitafsiri hivi: kila mchezaji apewe kura moja. Ernesta aliisoma kwa sauti safi, "kila mchezaji apewe kula moja," na mezani zikatokea sahani mbili za ugali wa moto na migebuka. Walikula. Kilichowasumbua ni sahani, kwa sababu hawakujua wazirudishe kwa nani.

"Mama Evaline," Haidari alimwambia siku hiyo, akijinyonya kidole, "Mungu asije akakunyoosha ulimi. Tutakufa njaa."

Mwezi wa tano, kwenye mfuko wa ndani wa koti la mvua, Ernesta alikuta kadi ambayo hakuwa nayo. Pembe zake zilikuwa zimelika. Ilionyesha mtu wa jiwe ameketi juu ya kilima, mkuki magotini, macho wazi, na nyuma yake shamba na nyumba moja inayofuka moshi. Mwalimu Careen aliisoma mara mbili kabla ya kuandika. Jina lake ni Mlinda Mpaka, alisema. Huchezwa pale tu mchezaji anapobakiwa na punje moja. Akilala, mchezaji hupewa mahali. Ernesta aliuliza mahali gani. Mwalimu akajibu kwamba kadi haisemi, lakini anavyoelewa yeye ni ardhi, yaani ufalme wa kuanzia.

Mwezi huohuo wapima ardhi walipanda Nyakitonto.

Kule Nyakitonto kulikuwa na shamba la baba yake Ernesta: ekari tatu, migomba, kahawa kidogo, na makaburi mawili. Ndugu zake wote walikuwa wametangulia. Yeye ndiye aliyelima, kila Jumamosi na Jumapili, na mikono yake ilijulikana na kila shina la mgomba. Mwenyekiti wa kijiji, Venanti, mtu mpole aliyesoma naye darasa la tatu, alimweleza utaratibu. Kila shamba litaandikwa kitabuni kwa jina la mwenyewe na namba yake ya kitambulisho. Kitabu kinafungwa Ijumaa ya wiki ya pili. Shamba lisilo na mtu mwenye namba litakuwa la kijiji, na kijiji kitaligawa.

Ernesta hakuwa na namba. Aliiomba miaka minne nyuma, na kila alipoulizia aliambiwa uraia wake bado unathibitishwa. Ombi la binti yake Evaline lilisubiri la mama. Mara mbili aliteremshwa basi kwenye kizuizi cha barabarani akaambiwa aseme maneno machache, na mara zote mbili basi lilimwacha. Hakuwahi kuishi mahali pengine zaidi ya wilaya ile. Sasa alitaka jambo moja tu, jina lake liandikwe kwenye shamba la baba yake kabla kitabu hakijafungwa, na aliogopa sana, kwa namna ambayo hata kushona mshono ulionyooka kulimshinda.

Jumatatu ya wiki hiyo ya pili aliitwa ofisi za wilaya kuhojiwa uraia. Afisa aliyehoji aliitwa Godson, kwao Tarime, kijana nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na orodha ya maneno aliyoitunga mwenyewe, kwa sababu karatasi za kuzaliwa watu wa huku hawana, rejesta za parokia zimeliwa na mchwa, na kazi lazima iende. Mwombaji anasoma orodha, afisa anasikiliza. Anayechanganya herufi anawekwa upande wa watu wa ng'ambo ya mpaka. Kwamba watu wa upande huu nao huzichanganya vilevile, tangu mpaka haujachorwa, hilo halikuwa na safu kwenye fomu.

"Soma pore pore, mama," Godson alisema.

Ernesta alisoma. Karamu. Habali. Chakura. Mahari.

"Umesema mahari," alisema afisa, akiandika. "Huku Tanzania tunasema mahari."

Ernesta alimtazama kwa makini. Alirudia neno kama alivyolisikia, naye Godson akatikisa kichwa kwa masikitiko. Kisha akamuuliza alikozaliwa, na Ernesta akajibu Nyamugongo. Godson akatafuta kwenye kompyuta. Hapakuwa na Nyamugongo. Ernesta akaeleza kwamba ni kilima juu ya Nyakitonto, kwamba watu waliteremshwa wakati wa operesheni ya vijiji yeye akiwa na miaka mitano, na kwamba sasa ni pori, yamebaki mawe ya mafiga tu. Godson akatafuta tena, akabadilisha tahajia kwa hisani yake, akakosa tena.

"Basi uniretee uthibitisho wa mahari," alisema. "Mwisho Arihamisi."

Na kwenye karatasi aliyompa aliandika, kwa herufi zilizotimia: Alete uthibitisho wa mahali.

Sokoni, Haidari alimsikiliza hadi mwisho, akasema tusi moja la Pangani, kisha akaomba radhi. Baadaye wote wawili wakalitazama kopo la biskuti. Wazo lilikuwa moja, na hakuna aliyehitaji kulisema.

Haidari ndiye aliyejitolea. Ulimi wake ulikuwa wa pwani, herufi zake hazina lawama. Angeilaza kadi ya Mlinda Mpaka yeye, apewe mahali yeye, kisha amwandikie Ernesta mbele ya mashahidi. Alisema kwa moyo safi. Ernesta alijua ni kwa moyo safi, akakataa vilevile.

"Nimechoka kukaa kwenye mdomo wa mtu mwingine," alisema. "Shamba ni la kwetu. Nitalitaja mwenyewe."

Mwalimu Careen alikuja kwa jioni tatu mfululizo. Alimfundisha kama anavyofundisha kidato cha kwanza: ncha ya ulimi iguse nyuma ya meno ya juu, itulie, isitetemeke. Lala. Lima. Mlima. Mahali. Ernesta alirudia huku akishona, na alipokosea alifumua mshono na kuanza upya vyote viwili. Jumatano jioni alilisema neno mara thelathini bila kosa. Muuza vitunguu wa kibanda cha jirani alilisema pia, maana lilikuwa limemwingia. Mwalimu alimshika mkono Ernesta akamwambia yuko tayari.

Alhamisi asubuhi kulikuwa na baridi. Ernesta na Haidari walifika ofisini saa moja na nusu na kukuta watu thelathini kwenye mabenchi ya barazani, nao wakakaa mwisho. Haidari alikuwa amefunga kibanda, jambo ambalo hakulifanya hata alipougua malaria. Alitandika kitambaa kati yao, akahesabu punje, wakaanza kucheza. Walicheza kama kawaida, kwa sababu kadi haikubali udanganyifu. Haidari alipaswa kumshambulia kweli, na Ernesta kujitetea kweli, hadi abakiwe na punje moja. Nyoka wa Maji alimla Ernesta punje sita, na sakafu ya baraza ikalowa kidogo. Mchawi wa Kijani akamla saba. Mzee mmoja wa Makere aliyekaa karibu alisogeza miguu yake maji yasimfikie na kuuliza kama mchezo unaruhusu watu watatu.

Saa tano kasoro Ernesta alibakiwa na punje moja. Alimtoa Mlinda Mpaka koponi, akamsimamisha juu ya kitambaa. Benchi lote lilinyamaza, si kwa mshangao bali kwa adabu, kama watu wanavyonyamaza mwenzao akipiga simu ya msiba. Midomo yake ilikuwa imelitamka neno lile tangu alfajiri, njia nzima kwenye bodaboda, na kila mara lilitoka sawa.

Akamlaza. Akaanza kusoma. Na hapo mlango ukafunguliwa, Godson akatoka kuita anayefuata, akamtambua, akamtazama machoni na kalamu mkononi.

Ulimi wa Ernesta ukarudi kwao.

"Akilala," alisoma, "mchezaji hupewa mahari."

Haidari alifumba macho. Ernesta alikaa na kadi mapajani, uso umempauka, akisubiri kinachokuja, maana alijua kinakuja.

Walichukua dakika kama kumi. Walikuja kwa barabara ya Kibondo, ng'ombe wanne wa pembe ndefu, wa aina ambayo sasa haionekani mjini, wakitembea katikati ya lami bila mchungaji huku bodaboda zikiwapisha. Kwato zao zilikuwa na tope bichi la mto Malagarasi. Shingoni mwa aliyetangulia yalining'inia majembe mawili ya kufuliwa na mhunzi, yamefungwa kwa kamba ya mgomba. Walipanda ngazi za ofisi mmoja mmoja, wakapita kati ya mabenchi kwa uangalifu, wakasimama mbele ya Ernesta.

Aliwafahamu. Mama yake alimsimulia habari zao kila msimu wa kupukuchua maharage. Baba, akiwa kijana wa Nyamugongo, aliwapeleka hadi Murungu mwaka wa sitini na sita kumwoa mama. Bihogo alikuwa mwekundu. Gitare alikuwa mweupe, na pembe yake ya kushoto ilivunjika walipokuwa wakivuka mto. Pembe ya kushoto ya ng'ombe mweupe aliyesimama barazani ilikuwa imevunjika, na jeraha lilikuwa bado jipya. Ernesta alifurahi kuwaona hadi machozi yakamtoka. Wakati huohuo alijua ameshindwa.

"Mwakeye," aliwaamkia, kama inavyopasa asubuhi.

Godson aliandika kwamba mwombaji amewaamkia ng'ombe kwa lugha isiyo ya taifa. Kisha akasema mifugo hairuhusiwi barazani, ni maelekezo, yamebandikwa ukutani. Kweli yalikuwa yamebandikwa. Akauliza hawa ni wa nani.

Haidari alisimama. Alikuwa mfupi na mchovu, lakini kwa maneno hakuwahi kushindwa na mtu. Alimkumbusha afisa, kwa upole wa kuuzia shati, kwamba Jumatatu mama huyu aliambiwa alete uthibitisho wa mahari. Ameileta. Iko mbele yake, ina miguu kumi na sita.

"Niriandika mahari," alisema Godson. "Karatasi anayo. Isomwe."

Mzee wa Makere aliisoma kwa sauti, na karatasi ilisema mahali. Godson hakufurahia ushindi huo. Alimwita Ernesta mezani, akamsikiliza habari ya Nyamugongo, Murungu na mto, akaandika ukurasa mzima, kisha akaweka kalamu chini. Alimweleza kwamba yeye binafsi anaamini. Mahari hii ni halali, ilitoka kwa baba wa mwombaji ikapokelewa na babu yake, na inathibitisha kwamba hao wawili walioana. Tatizo ni kwamba mahari inathibitisha ndoa. Haithibitishi mtoto. Fomu inataka mahali.

"Baba yangu aliwatoa wapi hawa ng'ombe, kama si mahali?" Ernesta aliuliza.

Godson alifikiri. Alifikiri kweli, hadi akasahau kuita anayefuata. Mwisho alisema swali ni zuri lakini ni la idara ya mifugo.

Bwana mifugo aliitwa Shamsi, na ofisi yake ilikuwa ng'ambo ya uwanja. Alikuja na koleo, dawa ya vidonda na mkoba wa hereni za plastiki za njano, maana ulikuwa ni mwaka wa kuwavika ng'ombe wote hereni zenye namba ya taifa. Aliwakagua meno, akasema wana afya, akampaka Gitare dawa kwenye pembe. Hakuuliza kwa nini ng'ombe waliozaliwa kabla ya baba yake mwenyewe wanaonekana wa miaka minne. Fomu yake iliuliza umri, si mwaka.

"Asili?" aliuliza.

"Nyamugongo," alisema Ernesta, bila matumaini.

Shamsi alipitisha kidole kwenye orodha yake. Nyamugongo ilikuwapo. Zamani palijengwa josho la ng'ombe kwenye kilima kile, na josho likiingia kwenye orodha halitoki, hata likibomoka, hata watu wakihamishwa. Aliweka alama. Kwenye nafasi ya mwenye mifugo aliandika marehemu, kwa kuwa fomu ya mifugo inaruhusu. Akabana hereni nne kwenye masikio manne, ng'ombe wakatikisa vichwa mara moja, na kazi ikaisha. Ilichukua dakika ishirini na tano, pamoja na dakika tano za kutafuta koleo lililokuwa limewekwa juu ya mgongo wa Bihogo.

Ernesta aliichukua nakala ya fomu na kuipeleka kwa Godson. Neno Nyamugongo lilikuwa limechapwa pale, kwa herufi kubwa, na chini yake muhuri. Godson aliisoma hadi mwisho. Alionekana kama mtu anayetafuta pa kupitia.

"Hii ni orodha ya mifugo, mama," alisema taratibu. "Ya watu ndiyo haina."

Akamwandikia kurudi baada ya siku tisini.

Walirudi Nyakitonto kwa miguu, Ernesta, Haidari na ng'ombe wanne, kwa sababu hapakuwa na gari la kuwabeba wala haja ya kuwaongoza. Ng'ombe waliijua njia. Haidari, ambaye hajawahi kutembea zaidi ya kutoka msikitini hadi sokoni, alilalamika juu ya viatu, juu ya vumbi, juu ya maisha, na kila alipoona Ernesta ameinamisha kichwa alitafuta kitu kingine cha kulalamikia. Walipofika mlima wa mwisho malalamiko yalimwishia. Alimwambia kwamba leo angetamani awe na ulimi mbovu. Ernesta akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, kisha akalia, na Haidari akashika kopo la biskuti amsubiri amalize.

Siku ya Ijumaa wapima ardhi walifika kwenye shamba saa nne, na kitabu chao kikubwa cha jalada la kijani. Walikuwa wawili, mmoja wa kupima na mmoja wa kuandika, na Venanti alikuwa nao kama mwenyekiti. Ng'ombe walikuwa wamelala chini ya migomba wakicheua. Wapimaji walizunguka na kamba zao kwa heshima ya kuyakwepa makaburi, wakapanda vigingi, wakarudi. Mwandishi akauliza jina. Ernesta akalitaja. Mwandishi akauliza namba.

Venanti alijikuna shingo. Usiku mzima alikuwa akiwaza, kwa sababu alimpenda Ernesta kama dada na hakutaka kuligawa shamba lake kwa mtu. Alikuwa ameona hereni. Alimvuta mwandishi pembeni, wakaongea kwa sauti ya chini, wakafungua kanuni, wakasoma kifungu kimoja mara tatu. Kifungu kilisema shamba laweza kuandikwa kwa mtumiaji yeyote aliyesajiliwa kitaifa. Hakikusema ana miguu mingapi.

"Kitabu kinataka namba," Venanti alimweleza Ernesta, akitazama chini. "Ng'ombe wanazo. Wakiandikwa wao, hakuna atakayekugusa. Utakaa, utalima, utazikwa hapa. Mwenzangu, nimetafuta njia nyingine, sijaiona."

Ernesta aliwatazama ng'ombe, akatazama makaburi, akatazama vigingi vipya. Ilimuuma, na hakuficha kwamba imemuuma. Kisha akasema waandike.

Mwandishi alipiga magoti kando ya Bihogo akanakili namba ya hereni, tarakimu kwa tarakimu. Akamfuata Gitare, ambaye aligeuza sikio namba isomeke vizuri. Namba nne zilijaza safu ya mmiliki. Kwenye matumizi aliandika malisho. Mahali, aliandika Nyamugongo, kwa kufuata fomu ya mifugo, na hakuna aliyepinga. Chini ya ukurasa palikuwa na nafasi ya maelezo, naye akaandika kwamba yupo mama mmoja anayewachunga.

Ernesta aliuliza kama huyo mama anaweza kuandikwa jina. Mwandishi alieleza kwamba jina lisilo na namba haliwezi kuingia kitabuni kwa wino. Ernesta akaomba basi aliandike kwa penseli, hapo pembeni, dogo tu, lifutwe wakati wowote.

Mwandishi alikuwa mtu mwenye utu. Alipekua mifuko ya shati, akapekua ya suruali, akamuuliza mwenzake, akamuuliza Venanti, akafungua hadi mkoba wa vigingi. Hakuna aliyekuwa na penseli.